Webmail inafunguka, simu zinagoma: kisa cha vyeti vya usalama katika ofisi moja ya Dodoma

Shirika ninalolizungumzia lina makao makuu Dodoma mjini, upande wa Area D, na maofisa wake wa ugani wamesambaa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba. Jina lake halina kazi hapa. Kikoa chake, yaani jina lake la mtandaoni, tukiite mfano.or.tz. Mashirika mengi ya ukubwa huo yamekwishahamishia barua pepe zao Google au Microsoft, lakini hili limebaki na seva yake lenyewe kwa sababu mkataba na mfadhili unataka taarifa za wanufaika zisitoke nje ya nchi. Kwa hiyo kuna mashine moja ya Linux kwenye chumba chenye feni na UPS, na ndani yake kuna Postfix inayosafirisha barua, Dovecot inayowafungulia watu masanduku yao, na Roundcube, ambayo ndiyo webmail, kwa wanaosoma kwa kivinjari.

Kwa miaka kadhaa mashine hiyo iliendeshwa kwa cheti, yaani hati ya kidijitali ya kuitambulisha seva kwa simu na kompyuta, ilichojisainia yenyewe siku iliposimikwa. Aliyefungua webmail alikutana na ukurasa wa onyo, akabonyeza mahali pa kuendelea, kazi ikaendelea. Siku mkaguzi wa mfadhili alipouona ukurasa ule, akaandika hoja. Ofisi ikanunua cheti halali kwa wakala, kijana wa IT akakiweka, kufuli likatokea kwenye kivinjari, hoja ikafungwa. Wiki hiyohiyo simu za maofisa wa wilayani zikaanza kugoma.

Mazungumzo ya simu kati ya Mpwapwa na makao makuu yalikwenda hivi:

"Mwanangu, barua hazifunguki tangu jana."

"Shikamoo mama. Itakuwa mtandao wa huko. Sogea sehemu yenye mnara."

"Marahaba. Mtandao upo, WhatsApp inaingia. Hii inaniambia habari za cheti."

"Aa, ikikuuliza hivyo we bonyeza kubali."

Jibu hilo la mwisho liligharimu kuliko hitilafu yenyewe, na nitalirudia. Kwanza tumalize suala la mtandao, maana ndilo lililokula muda bure. Huku kwetu kila kisichofunguka hulaumiwa mtandao, na mara nyingi ni kweli. Lakini mama yule alikuwa ameshatoa ushahidi wa kutosha: WhatsApp inaingia kwenye simu ileile, kwa bando lilelile. Zaidi ya hapo, ofisa mwenzake aliunganisha kompyuta na simu hiyo na webmail ikafunguka. Hapo mtandao umeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Nilipoitwa, nililoomba kwanza ni kutogusa seva. Nilitaka kuiona kama simu ya Mpwapwa inavyoiona, yaani kutoka nje ya ofisi, kwa bando la simu, na kwa kila poti, yaani mlango wa huduma moja ndani ya seva, peke yake. Amri ni hii, ukibadilisha namba ya poti:

openssl s_client -connect mail.mfano.or.tz:993 -servername mail.mfano.or.tz -showcerts

Kwa poti 587 unaongeza -starttls smtp mwishoni. Majibu yalikuwa ya mashine moja inayotoa hadithi tatu. Poti 443, ya webmail, ilitoa cheti kipya kilichonunuliwa. Poti 993, ambako simu huchukua barua, ilitoa cheti hichohicho kipya, lakini simu zote zilikuwa zimewekwa jina mail.mfano.or.tz na cheti kimeandikwa webmail.mfano.or.tz peke yake. Poti 587, ya kutuma barua, ilikuwa bado na kile cha zamani cha kujisainia. Watu husema "tumeweka cheti kwenye seva". Kwa hali halisi seva haiwekewi cheti. Huwekewa programu moja moja, na kila programu husoma faili lake, kwa wakati wake.

Halafu kulikuwa na kasoro iliyojificha ndani ya poti 443 yenyewe, ile iliyosifiwa na kila mtu. Mamlaka zinazotoa vyeti hazisaini cheti chako kwa ufunguo wao wa mzizi. Mzizi hufungiwa mahali salama, na kazi ya kila siku ya kusaini hufanywa na cheti cha kati. Simu yako inaufahamu mzizi. Cha kati haikifahamu mpaka seva ikitume pamoja na cheti chako. Wakala alikuwa ametuma faili zote mbili, likawekwa moja. Kompyuta za ofisini hazikulalamika kwa sababu Windows ikikuta pengo hilo huenda kukitafuta cheti cha kati kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya cheti, na Firefox huja na orodha ya vyeti vya kati ikiwa imeshavihifadhi. Programu nyingi za barua pepe kwenye Android hazifanyi hisani hiyo. Zikikuta mnyororo wa kutoka cheti chako hadi mzizi umekatika, zinakataa.

Ndiyo maana siamini kufuli la kivinjari kama kipimo cha kazi ya cheti. Kivinjari ni shahidi mpole kupita kiasi, anaziba mapengo ya mwenye seva bila kumwambia. Ukitaka kujua kama kazi imekamilika, chukua simu ya Android isiyowahi kuunganishwa na ofisi yako, weka akaunti mpya, uone.

Tatizo la majina lilikuwa na upande wa pili ndani ya ofisi yenyewe. Jina mail.mfano.or.tz lilikuwa linaelekeza kwenye anwani ya umma, na rauta ya ofisi haikuweza kumrudisha ndani mtu aliye ndani anayeita anwani hiyo. Zamani mtu mmoja alipata njia ya mkato: simu za wafanyakazi wa makao makuu ziliwekwa namba ya ndani, ile inayoanzia 192.168, badala ya jina. Cheti cha mamlaka ya umma hakiwezi kuandikwa namba ya ndani wala jina la ndani kama lile la kuishia .local; mlango huo ulianza kufungwa kwa vyeti ambavyo muda wake ungevuka 1 Novemba 2015, na vilivyobaki vikatakiwa kubatilishwa ifikapo Oktoba 2016. Kwa hiyo simu za namba zisingepona kwa cheti chochote cha umma. Dawa yake haikuwa cheti. Ilikuwa DNS, daftari linalogeuza majina kuwa anwani: aliye ndani ya ofisi akiuliza mail.mfano.or.tz ajibiwe anwani ya ndani, aliye nje ajibiwe ya umma. Jina moja kote, simu isibadilishwe mtu akitoka Area D kwenda Kondoa.

Lipo jambo jingine nililolikuta nikipekua, na hili linahusu wakala. Ufunguo wa siri wa cheti kile, ambao mwenye nao anaweza kujitambulisha kama seva, haukuzaliwa kwenye seva. Wakala aliutengeneza kwake, akaufunga pamoja na cheti kwenye faili la zip, akautuma kwa barua pepe. Ufunguo wa siri uliopita kwenye masanduku ya watu wawili, ukabaki pia kwenye kompyuta ya muuzaji, haustahili tena jina hilo. Utaratibu sahihi ni ufunguo utengenezwe kwenye seva na usitoke humo. Kinachotoka ni ombi la kusainiwa, ambalo hata likisambaa halimpi mtu chochote. Niliandika kwamba cheti hicho kibatilishwe, ijapokuwa kilikuwa na miezi mingi mbele yake. Mhasibu hakufurahi, na namwelewa.

Kununua kingine?

Mjadala wa nini kifanyike ulichukua alasiri nzima. Pendekezo la kwanza lilitoka kwa mjumbe mmoja wa bodi: tuanzishe mamlaka yetu ya ndani, tuweke mzizi wetu kwenye kila simu, tusimtegemee mtu. Kwa shirika lenye simu zake, zinazosimamiwa kutoka sehemu moja, hilo linawezekana. Hapa simu ni za wafanyakazi wenyewe, wamenunua Kariakoo na Jamatini, kila moja na toleo lake. Tangu Android 7 programu kwa kawaida haziamini mzizi ulioongezwa na mtumiaji, na kwenye iPhone ni lazima mtu aingie kwenye mipangilio auwashie mzizi huo imani kamili kwa mkono. Ungekuwa na kazi ya kuzunguka wilaya nne kwa ajili ya kitu ambacho nusu ya simu zingekipuuza.

Pendekezo la pili lilikuwa kununua kingine kwa wakala mwingine, safari hii chenye majina yote. Hapa nilileta kalenda. Tangu 1 Septemba 2020 cheti cha umma hakiruhusiwi kuzidi siku 398. Mwaka 2025 jukwaa la mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipitisha ratiba ya kupunguza zaidi: kuanzia 15 Machi 2026 kikomo ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47. Kisha nikamwomba mhasibu aeleze malipo ya huduma yanapita wapi. Ombi la mahitaji, nukuu tatu za bei, kamati, LPO, saini ya mkurugenzi ambaye huenda yuko safarini, hundi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Utaratibu ule unaumudu ununuzi wa mara moja kwa mwaka, tena kwa taabu. Haumudu cheti cha siku 47. Suala la bei halikuwa na uzito, maana hata cheti cha kulipia siku hizi kinaweza kuhuishwa na mashine. Suala lilikuwa ni nani anahuisha, mtu au mashine.

Tukaenda na Let's Encrypt, mamlaka ya vyeti isiyotoza kitu na ambayo vyeti vyake vya kawaida vilikuwa vya siku 90, kwa kutumia Certbot, programu inayoomba na kuhuisha vyeti yenyewe. Cheti kimoja chenye majina matatu: mail, webmail na autoconfig (la kuzisaidia programu za barua kujipangia mipangilio). Kuna aliyetaka cheti cha nyota, kinachofunika kila jina chini ya kikoa. Nikakataa kwa sababu tovuti ya shirika iko kwa mwenye seva mwingine kabisa, na nyota hualika watu kuanza kunakili ufunguo mmoja kutoka mashine hadi mashine. (Na kwa kuwa tuko kwenye majina: karibu kila cheti cha umma huandikwa kwenye daftari la wazi linalosomwa na yeyote. Ukiomba cheti cha mishahara.mfano.or.tz umeshautangazia ulimwengu kwamba mishahara iko wapi.)

Kuthibitisha umiliki kulihitaji poti 80 iwe wazi kutoka nje, na rauta ilikuwa imeifunga kwa nia njema. Njia mbadala ni kuweka rekodi kwenye DNS, lakini anayewahifadhia DNS hana njia ya kuruhusu programu iandike rekodi yenyewe. Ingekuwa kazi ya mkono tena, yaani tumerudi tulikotoka. Poti 80 ikafunguliwa kwa mambo mawili tu: uthibitisho huo na kumwelekeza mgeni kwenye 443.

Certbot huacha faili nne, na hapa ndipo wengi hukosea: cert.pem ni cheti chako kikiwa peke yake, fullchain.pem ni hicho pamoja na cha kati. Seva ya wavuti inayobeba Roundcube, Dovecot na Postfix zote zilielekezwa kwenye fullchain.pem. Nikapima poti tatu kwa bando, zote zikatoa jina sahihi na mnyororo mzima. Simu za Android za chini ya 7.1.1 zilibaki nje, kwa sababu hazina mzizi wa Let's Encrypt uitwao ISRG Root X1, na ule mpango wa kuzibeba kupitia saini ya mzizi wa zamani ulikwisha 30 Septemba 2024. Zilikuwa chache. Ushauri wangu ulikuwa zisirudishiwe barua za ofisi, kwani simu isiyopata marekebisho ya usalama kwa miaka yote hiyo haina haki ya kubeba taarifa za watu.

Miezi mitatu baadaye

Simu ziligoma tena, asubuhi moja, zote kwa pamoja. Webmail ilikuwa safi. Na safari hii kulikuwa na dalili ya ajabu: kwenye simu barua zilikuwa zinatoka lakini haziingii.

Dalili hiyo ilitosha kujua tatizo kabla ya kugusa kitu. Certbot huhuisha cheti kikibakiza siku 30, na ilikuwa imefanya hivyo kwa wakati. Faili jipya lilikuwa kwenye diski mwezi mzima. Seva ya wavuti iliambiwa isome upya, ikasoma. Postfix huwa inazaa vijiprogramu vya kupokea wateja na kuviua kila baada ya muda, vipya vikasoma cheti kipya bila kuambiwa. Dovecot ilikuwa haijawashwa upya tangu siku ya kwanza, na kichwani mwake ilishika cheti cha zamani hadi dakika kilipoisha muda. Amri moja ya doveadm reload ikamaliza, na ili isijirudie tukaweka skripti ndani ya folda ya renewal-hooks/deploy ili kila uhuishaji ukifaulu programu zote tatu zisome upya.

Tukaongeza na ukaguzi wa kila siku, unaouliza poti zenyewe, si faili la kwenye diski, kwamba cheti mnachokionyesha kimebakiza siku ngapi. Kikiwa chini ya 20, ujumbe unakwenda kwa SMS kwa watu wawili. Kijana wa IT alikuwa ameuelekeza kwenye barua pepe ya ofisi, na hiyo ni sawa na kumpelekea marehemu taarifa ya msiba wake. Let's Encrypt nao waliacha kutuma barua za kukumbusha Juni 2025, kwa hiyo hakuna mwingine wa kukuamsha.

Waliokaa kimya

Narudi kwa "bonyeza kubali". Wakati simu zinagoma mara ya kwanza na mara ya pili, kuna maofisa ambao hawakupiga simu kabisa. Ofisini walionekana ni wajuzi wa teknolojia. Mimi walinitia wasiwasi. Cheti chenye jina lisilo lake kilipita kwao, kisha kilichoisha muda kikapita, bila simu zao kusema neno. Simu ya namna hiyo imewekwa kwenye chaguo la SSL/TLS (ulinzi wa mawasiliano) la kukubali vyeti vyote, lililopo kwenye mipangilio ya baadhi ya programu za Android. Chaguo hilo halikuulizi tena. Linabaki limewashwa hata baada ya seva kupata cheti kizuri kuliko vyote.

Hatari yake ni ya kawaida tu. Ofisa analala nyumba ya wageni, anaunganisha Wi-Fi ya pale. Mtu aliye kwenye mtandao uleule anaweza kujifanya ndiye mail.mfano.or.tz na kuonyesha cheti alichojitengenezea. Simu yenye msimamo hukata mawasiliano kabla ya kutuma nenosiri. Simu inayokubali vyote hukabidhi nenosiri lilivyo, na mwenye simu anaendelea kusoma barua zake kama kawaida. Ndani ya masanduku yale kuna orodha za kaya, namba za simu, taarifa za afya za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa hizo azilinde; haitajali kama mlango uliachwa wazi na seva au na simu.

Ugumu ni kwamba ukiwa kwenye seva huwezi kuzitofautisha. Simu makini na simu inayokubali vyote zikikutana na cheti kizuri huingia kwa namna ileile. Kumuuliza mtu hakusaidii, wengi hata hawakumbuki nani aliwawekea akaunti. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya mkurugenzi ya maandishi na baada ya kutangaza kwamba Jumapili usiku barua kwenye simu zitasumbua kwa muda, tuliweka kwenye poti 993 cheti kipya kabisa cha kujisainia na kuiwasha Dovecot upya ili kila simu ilazimike kuunganisha tena. Kipya kabisa, si kile cha zamani, kwa sababu kuna simu na kompyuta zilizokuwa zimehifadhi ruhusa kwa ajili ya kile cha zamani na zingetuchanganya. Halafu tukakaa kusoma logi, yaani kumbukumbu za seva. Simu makini zilijitoa zikiacha alama ya SSL alert number 48, ambayo maana yake ni kwamba aliyesaini hajulikani. Nyingine ziliingia na majina yao kamili. Hizo ndizo tulizokuwa tunazitafuta, na nenosiri lililotumwa lilifika kwenye seva halali ya ofisi, kwa hiyo hakuna aliyedhurika kwa jaribio.

Orodha ilikuwa ndefu kuliko alivyotarajia mkurugenzi, na jina lake lilikuwemo. Mama wa Mpwapwa hakuwemo. Aliambiwa abonyeze kubali, akakataa, akawa anakwenda kusoma webmail kwa mwenzake wiki zote zile. Ndiyo maana malalamiko yake yalikuwa hayaishi.

Waliokuwemo walibadilishiwa nenosiri kwanza, kisha mipangilio. Wa Kongwa na Chemba walielekezwa kwa simu: futa akaunti, weka upya, chagua SSL/TLS ya kawaida, poti 993, na ikileta onyo usibonyeze chochote, piga picha ya kioo utume. Maelekezo hayo mapya ya ofisi yanatosha nusu ukurasa na yamebandikwa pia kwenye mlango wa IT. Jaribio la Jumapili usiku limewekwa kwenye kalenda lifanyike tena kila wafanyakazi wapya wanapofika watano, kwa kuwa simu mpya huja na mazoea ya zamani. Hadi naandika haya imebaki akaunti moja inayoingia hata kwa cheti kibovu, nayo si ya simu: ni mashine ya kunakili nyaraka, inayotuma skani kwa barua pepe na isiyo na mahali popote pa kuambiwa ikague cheti. Imehamishiwa kwenye akaunti yake ya peke yake, isiyoweza kusoma sanduku la mtu, na inatuma ndani ya mtandao wa ofisi tu.